Nuhu alinyamaza? Maswali yenu kuhusu gharika kwa macho ya Wayahudi

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, tena kwa kupita, kwamba kwenye habari ya gharika Nuhu alinyamaza, na Wayahudi hawampi sifa zote ambazo sisi wengine tumezoea kumpa. Basi. Meseji zikamiminika mpaka mhariri akaniambia bwana we mwenyewe ndo umelianzisha, jibu. Nimechagua chache, nyingine nimeziunganisha maana zilikuwa zinauliza kitu kilekile, na wale mlionitukana msijali, zenu pia nimesoma.

"Mwalimu, Mwanzo 6:9 inasema wazi Nuhu alikuwa mtu wa haki, mkamilifu. Sasa hao wanapata wapi ujasiri wa kumpunguza mtu ambaye Maandiko yenyewe yamemsifu? Au wana Torati nyingine?" (Fundi seremala)

Kaka fundi, Torati ni ileile. Tatizo, au niseme raha, liko kwenye maneno matatu ambayo wengi tunayapita mbio: "katika vizazi vyake". Soma tena huo mstari, imeandikwa alikuwa mkamilifu katika vizazi vyake, na marabi wa zamani kwao Torati haina neno la kujazia nafasi, kila neno lazima lijieleze limefuata nini hapo. Kwa hiyo wakauliza, mbona hawakuishia kwenye "mkamilifu"?

Ndani ya Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya marabi, kitabu cha Sanhedrini ukurasa wa 108, kuna mabishano ya marabi wawili wa karne ya 3. Rabi Yohanan anasema katika vizazi vyake ndio, lakini vizazi vingine hapana, yaani kati ya vipofu mwenye chongo alionekana mfalme. Resh Lakish anakataa, anasema kama katika kizazi kibovu vile jamaa aliweza kusimama, hebu fikiria angezaliwa kati ya watu wema angekuwa nani. Na kila upande umewekewa mfano wake. Wa Yohanan ni mtungi wa mvinyo uliowekwa stoo ya siki, humo ndani harufu yake unaisikia kweli, utoe nje uone kama kuna atakayegeuka. Wa Resh Lakish ni chupa ya marashi iliyotupwa kwenye uchafu, kama inanukia hata pale basi iweke mahali safi uone.

Sasa sikia utamu wenyewe. Talmudi hiyohiyo mahali pengine inasimulia kwamba Resh Lakish kabla hajawa rabi alikuwa jambazi, akakutana na Yohanan kwenye mto Yordani, akaiacha ile kazi, akaoa dada yake Yohanan. Kwa hiyo hawa wanaolumbana ni mashemeji, na anayemtetea Nuhu ni yule aliyewahi kuishi na majambazi, anayejua mtu kukataa kuwa kama wenzake kunamgharimu nini. Shemeji yake ambaye maisha yake yote yalikuwa vitabu ndo anayeona Nuhu alikuwa wa kawaida tu. Mi sijawahi kusoma mabishano haya bila kutabasamu.

Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Troyes kule Ufaransa aliyefariki 1105, alipofika hapo aliweka maoni yote mawili akaendelea na mstari unaofuata, hakusema yeye yuko wapi. Mi nitakuambia niko wapi lakini sio sasa hivi.

"Kwani wale watu walikosa nini hasa mpaka dunia nzima ifutwe? Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni uasherati, wengine wanasema ni wale malaika walioshuka wakaoa binadamu." (Msomaji, mama wa watoto wanne)

Mama, hayo yote yamo, marabi hawakuyakana, wamesema kizazi kile kilivunja kila kitu, uzinzi, sanamu, kumwaga damu. Lakini ukiuliza ni kipi kiliwapigia muhuri wa hukumu, jibu la Rabi Yohanan litakushangaza: wizi. Anasema tazama wizi ulivyo na nguvu, kizazi cha gharika kilivunja yote ila hukumu yao haikufungwa mpaka waliponyoosha mkono kuchukua cha mwenzao. Ushahidi wake ni Mwanzo 6, dunia ikajaa "hamas". Biblia yetu ya Kiswahili hapo imeweka "dhuluma", na kwa kweli aliyetafsiri alipatia, maana dhuluma ni ile ya kumnyima mtu haki yake huku unamtazama usoni.

Na usidhani ni wizi wa kuvunja milango. Kwenye Midrashi, ile mikusanyo ya zamani ya mafafanuzi ya Torati, na kwenye Talmudi ya Yerusalemu pia, kuna hadithi ya kikapu. Mtu anatoka na kikapu kimejaa turmusi, ni mbegu fulani jamii ya kunde, anakwenda kuuza. Anapita wa kwanza anachota kidogo. Wa pili anachota kidogo. Wa tatu hivyohivyo. Kila mmoja anahakikisha alichochukua thamani yake haifiki peruta moja, ile sarafu ndogo kuliko zote, kwa sababu sheria ilikuwa chini ya peruta huwezi kumpeleka mtu mahakamani. Jioni kikapu kitupu, mwenye mali yuko barabarani, na hakuna hata mtu mmoja wa kumshitaki!

Kaa na hiyo picha kidogo. Hawa hawakuwa wajinga wa sheria, waliijua kuliko hata hakimu, waliijua mpaka mpaka wake ulipo wakasimama sentimita moja nyuma ya mstari na kuendelea kuchota. Mi nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka kalamu za ofisini zilizojaa kwenye droo yangu nyumbani, zimefikaje pale hakuna anayejua, moja moja tu, na kila moja ukiniuliza nitakuambia aah kalamu kitu gani.

Kuna kingine kinachoendana na hiki na watu wengi hawakijui. Kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, sehemu ya mambo ya biashara, kuna hali hii: mnunuzi kalipa pesa, mzigo bado yuko nao muuzaji, halafu bei inapanda, muuzaji anasema chukua pesa zako mi sikuuzii tena. Kwa sheria yao mali haijahama mpaka mnunuzi aivute mikononi mwake, kwa hiyo mahakama haiwezi kumlazimisha. Ila wenye hekima wakaweka laana: Yule aliyewalipiza watu wa kizazi cha gharika na watu wa mnara wa Babeli, atamlipiza na huyu asiyesimama kwenye neno lake. Umeona wanavyoitumia gharika? Sio kutishia walevi wala makahaba, wanamtishia mfanyabiashara mwenye risiti zake zote sawa. Gharika kwao ni habari ya mahali ambapo mkono wa sheria haufiki na kila mtu anajua haufiki.

Kuhusu malaika walioshuka, hao wapo kwenye "wana wa Mungu" wa Mwanzo 6:2, lakini Rashi kwa maelezo yake ya kwanza anasema ni watoto wa wakubwa na mahakimu waliokuwa wanajichukulia mwanamke yeyote wanayemtaka. Rudi kwenye neno dhuluma.

"Asalaam alaykum. Sisi tunajua Nabii Nuhu (a.s.) alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini anawalingania usiku na mchana wakaziba masikio. Wewe uliandika 'alinyamaza'. Huoni ni kumvunjia heshima?" (Msomaji, mwanafunzi wa chuo)

Waalaykum salaam ndugu yangu, na nisamehe kama nilikukwaza. Ngoja niiweke vizuri maana hapa nilikuwa mzembe. Katika Torati ukifuata sura ya 6 hadi ya 8 utakuta Mungu anaongea, Nuhu anafanya. "Akafanya vyote kama Mungu alivyomwamuru." Hasemi kitu. Neno la kwanza la Nuhu lililoandikwa liko Mwanzo 9:25, na ni laana, kaamka kutoka kwenye ulevi anamlaani mjukuu wake. Hilo ndo lililowasumbua Wayahudi, mtu ametumikia mwaka mzima wa maangamizi hatujasikia sauti yake.

Lakini hawakusema hakuonya kabisa. Rashi anauliza, Mungu ana njia ngapi za kumuokoa mtu, kwa nini amtese na kujenga? Anajibu, ili watu wamuone miaka 120 yuko na mbao, wamuulize we mzee hii ya nini, awaambie, labda watageuka. Na Talmudi inasema aliwakemea kwa maneno makali na wao wakamdharau. Kwa hiyo kwenye kuonya hamko mbali sana na wao.

Wanapomshika ni kwenye kuomba. Alisema na watu kuhusu Mungu, sawa, je alisema na Mungu kuhusu watu? Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, kilichoanza kusambaa Uhispania mwishoni mwa karne ya 13, kina tukio hili: Nuhu anatoka safinani, anaona dunia tupu, anaangua kilio, anamwambia Mungu wewe unaitwa mwenye rehema, si ungewahurumia viumbe wako? Na Mungu anamjibu kwa ukali, mchungaji mpumbavu wewe, sasa ndo unasema? Nilipokuambia nitaleta gharika, nilikuambia mapema ili uwaombee, wewe uliposikia tu kwamba utapona, ubaya unaokuja duniani haukukuingia moyoni, ukajenga safina ukajiokoa. Ndio maana, anasema Zohar, nabii Isaya aliyaita yale maji "maji ya Nuhu", yamepewa jina lake kama vile deni linavyoandikwa jina la anayedaiwa.

Halafu wanamuweka pembeni ya Ibrahimu. Ibrahimu kaambiwa habari ya Sodoma, mji wa watu waovu, na anabishana kama mtu sokoni: hamsini je? arobaini na watano je? thelathini? mpaka kumi. Rashi anauliza kwa nini aliishia kumi asishuke zaidi, na jibu lake limenikaa kichwani miaka: kwa sababu kizazi cha gharika walikuwemo wanane, Nuhu na wanawe watatu na wake zao, na wanane hawakutosha kukiokoa kizazi chao. Ibrahimu alikuwa anajua bei imeshajaribiwa.

Wa tatu ni Musa. Kumbuka alipokuwa mtoto mama yake alimuweka kwenye kisafina cha manyasi, akakipaka lami. Kwa Kiebrania neno ni moja, "teva", ni safina ya Nuhu na ni kile kijisanduku cha mtoni, Torati haina teva ya tatu. (Sanduku la agano ni neno jingine kabisa.) Basi Musa yule wa kisafina, watu wake walipotengeneza ndama wa dhahabu na Mungu akamwambia niache niwaangamize nikufanye wewe taifa kubwa, yaani ofa ileile aliyopewa Nuhu, akajibu wasamehe, na kama sivyo unifute kwenye kitabu chako. Watu wa Kabala wanaonyesha kwamba "nifute" kwa Kiebrania ina herufi nne, na ukizipanga upya unapata "maji ya Nuhu". Wanasema Musa alikuwa anayasafisha maji yale. Mi mambo ya kupanga herufi huwa nayatazama kwa jicho moja, lakini hii kwa kweli imekaa vizuri.

Mahasidi wa Poland, kundi la Wayahudi wachamungu, wana msemo wa kumuita mtu wa aina ya Nuhu "mtakatifu wa koti la manyoya". Baridi ikiingia nyumbani una njia mbili, uvae koti zito au uwashe moto. Ukivaa koti umepata joto wewe. Ukiwasha moto hata aliyepita kuomba maji atapashwa.

"Mi swali langu fupi. Watoto wachanga walikosa nini? Na wanyama?" (Msomaji)

Swali fupi jibu halipo, ndugu yangu. Nitakupa walichosema na nitakuambia kama kimenitosha.

Kuhusu wanyama, Rabi Yehoshua ben Korha katika Talmudi anatoa mfano: mtu amemjengea mwanawe kibanda cha harusi, kakipamba, kaandaa vyakula vya kila aina, siku chache mtoto anafariki. Baba anainuka anakibomoa kile kibanda. Anasema mi nilikijenga kwa ajili ya mwanangu, mwanangu hayupo, kibanda cha nini? Wanyama ni vile vyakula na mapambo. Kama hoja, haijanitosha. Ng'ombe hakujiandikisha kuwa pambo la harusi ya mtu.

Lakini kuna kitu nimekigundua kwa huyu rabi. Kwenye Midrashi kuna mtu asiye Myahudi anamjia huyuhuyu Yehoshua ben Korha kumtega, anamuuliza si mnasema Mungu anaijua kesho? Sasa mbona imeandikwa alihuzunika moyoni kwa kumfanya mwanadamu, kwani hakujua? Rabi anamuuliza, umewahi kupata mtoto wa kiume? Ndio. Ulifanyaje? Nilifurahi nikawafurahisha na watu. Hukujua kwamba mwisho wake atakufa? Yule mtu akajibu, wakati wa furaha ni furaha, wakati wa msiba ni msiba. Rabi akamwambia, basi na kwa Mungu ni hivyo.

Maswali mawili tofauti, rabi mmoja, na mara zote mbili jibu lake ni baba aliyefiwa na mtoto. Hajaribu kutetea hukumu, anakuonyesha mwenye kuhukumu akiwa msibani. Anayebomoa kibanda ni mzazi. Hiyo bado haimrudishi yule mtoto mchanga unayemuuliza, na mi sitajifanya inamrudisha, ila nikisoma gharika kwa namna hiyo sauti yake inabadilika masikioni mwangu.

"Mwaka mzima ndani ya safina, walikuwa wanafanya nini? Nauliza kwa uzito, mi nafanya shifti za usiku na mwezi mmoja tu unaniua." (Nesi)

Dada nesi wewe ndo utaielewa hii kuliko sisi wote. Ni mwaka kweli, waliingia tarehe 17 mwezi wa pili na wakatoka tarehe 27 mwezi wa pili mwaka uliofuata, na kwa kuwa miezi yao ni ya mwandamo wa mwezi, zile siku kumi na kitu za juu zinakufikisha kwenye mwaka kamili wa jua, siku 365.

Na walichokuwa wanafanya ni kulisha. Talmudi inamuonyesha Shemu, mtoto wa Nuhu, anamsimulia mtumishi wa Ibrahimu: tulipata taabu sana mle ndani, mnyama wa kula mchana tulimlisha mchana, wa kula usiku tulimlisha usiku. Kuna mmoja, wengi wanadhani ni kinyonga, baba hakujua anakula nini. Siku moja amekaa anakata komamanga, mdudu akadondoka kutoka ndani yake, yule kiumbe akamdaka. Kuanzia siku hiyo baba akawa anakanda pumba, anaiacha mpaka ioze iingie wadudu, anampa. Simba alishikwa na homa. Na ndege mmoja, yule wanayemwita feniksi, Nuhu alimkuta amejilaza kwenye kona, akamuuliza we huli? Akajibu nilikuona una kazi nyingi, nikasema nisikusumbue. Nuhu akamuombea asife milele.

Midrashi nyingine zinasema hakulala usingizi miezi kumi na miwili, na siku aliyochelewesha chakula cha simba, simba akampiga, akatoka mle anachechemea na kukohoa damu.

Sasa ndo nakuambia fundi kura yangu. Mi kwa Nuhu wa kabla ya mvua niko na Rabi Yohanan, mvinyo kwenye stoo ya siki. Lakini huyu wa saa nane usiku anayekanda pumba zioze kwa ajili ya kinyonga sio mtu yuleyule. Aliyeshindwa kuwaombea majirani zake amefungiwa chumba kimoja na kila kinachopumua na hana pa kwenda, atajifunza tu kila mmoja anakula nini na saa ngapi. Marabi hawajasema kwa maneno yangu hayo, hiyo ni mimi naunganisha. Ila kwa nini walijaza hadithi zote hizi za chakula wakati Torati yenyewe haina hata moja?

"Kama watu wabaya walifutwa, mbona dunia bado iko hivi? Gharika ilisaidia nini? Na je, Wayahudi wanaamini sisi wengine wote ni wa motoni?" (Maswali mawili ya wasomaji watatu)

Fungua Mwanzo 6:5 na 8:21 uziweke pamoja. Ya kwanza, kabla ya maji: Mungu anaona mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya siku zote, KWA HIYO atafuta. Ya pili, baada ya maji: hatalaani nchi tena, KWA SABABU mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Sababu ileile! Mwanzo ilikuwa ya kuangamiza, sasa ni ya kuvumilia. Mtu hajabadilika hata chembe, na kama unabisha ona kitu cha kwanza Nuhu anachofanya nchi kavu baada ya sadaka, anapanda mizabibu, analewa, analala uchi hemani.

Kilichobadilika ni mpango. Badala ya kungoja watu wawe wema wenyewe, wanapewa sheria. Marabi wanahesabu saba kwa watoto wote wa Nuhu, yaani binadamu wote: msiabudu sanamu, msimtukane Mungu, msiue, msizini wala msilale na walioharamishwa kwenu, msiibe, msile kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai, na wekeni mahakama. Kwa mujibu wa Maimonides, rabi mkubwa wa sheria, sita binadamu alikuwa nazo tangu Adamu, ile ya kiungo cha mnyama ndo iliongezwa kwa Nuhu, maana kabla ya gharika binadamu walikuwa hawajaruhusiwa nyama kabisa, wakaruhusiwa baada yake na ikawekwa breki hapohapo.

Halafu rudi kwenye kikapu cha turmusi. Katika sheria hizi za watoto wa Nuhu, wizi ni wizi hata chini ya peruta moja. Ule mlango waliokuwa wanapenya umezibwa.

La motoni: hapana. Rabi Yehoshua (mwingine, sio yule ben Korha) alishasema zamani kwamba katika mataifa wapo wenye haki wenye fungu katika ulimwengu ujao, na Maimonides, aliyefariki 1204 huko Misri, akaliandika kama sheria: asiye Myahudi anayezishika hizo saba ni katika wachamungu wa mataifa. Aliweka sharti kwamba azishike kwa kuwa Mungu kaamuru, sio kwa akili yake tu, na hapo wamebishana mpaka leo kuhusu herufi moja kwenye nakala zake, tuliache. Hawadai uwe Myahudi. Na jina linalofanana na hilo ndo analopewa mtu asiye Myahudi aliyehatarisha maisha yake kuficha Wayahudi wakati wa Wanazi, Yad Vashem, taasisi ya Yerusalemu ya kukumbuka maangamizi yale, imeshawatambua zaidi ya 28,000 tangu 1963. Hao waliwasha moto.

"Upinde wa mvua basi ni ishara ya nini? Nasikia Wayahudi hawautazami." (Msomaji wa darasa la saba, kaandikiwa na baba yake)

Mwanangu swali zuri, na wewe umebahatika kuliko wanaosoma kwa lugha nyingi maana Kiswahili kama Kiebrania kinaita upinde, upinde wa kurushia mishale. Nachmanides, rabi wa Uhispania wa karne ya 13, anasema uangalie ulivyowekwa: miguu yake iko chini na hauna kamba. Mtu anayekupiga mshale hashiki upinde hivyo. Aliyeugeuza namna hiyo anakuonyesha kaacha vita. Na Nachmanides hakusema ni muujiza, alikubali maelezo ya Wagiriki kwamba ni jua kupiga kwenye unyevu, ulikuwepo tangu uumbaji, baada ya gharika ndo ukapewa kazi ya kuwa ishara.

Lakini usiufurahie sana. Kwao upinde ukitokea ni kama wanaambiwa kizazi hiki nacho kilistahili maji, ni lile agano tu limewakinga. Talmudi inasimulia Rabi Yehoshua ben Levi alipofika peponi aliulizwa, upinde ulionekana siku zako? Akasema ndio. Akaambiwa basi wewe sio yule mwema tunayemsikia. Ukweli ni kwamba haukuwahi kuonekana siku zake, kwa wema wake, ila hakutaka kujisifu.

Kutazama wanatazama mara moja, wanasema baraka ya kumshukuru Mungu anayekumbuka agano na kutimiza neno lake, kisha hawaukodolei macho. Na wapo wanaosema ukiuona usikimbie kumwita mwenzako aje aone, maana unakuwa umempelekea habari mbaya.